Ufunguo uliokatikia kitasani: uchambuzi wa kisa kimoja cha Shangani, Mtwara

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea Shangani, mjini Mtwara, mwezi Februari, wakati mvua za kusini zilikuwa zimekolea. Mvua hizo huanza kati ya Novemba na Desemba na kuendelea hadi Aprili kwa msimu mmoja, bila kugawanyika kuwa vuli na masika. Ufunguo wa mlango wa mbele wa nyumba ya kupanga ulikatikia ndani ya kitasa baada ya magharibi, ukiwa umeshazungushwa kidogo, huku ndani ya nyumba hiyo akiwamo bibi wa umri mkubwa peke yake. Mimi husimamia nyumba hiyo kwa niaba ya mwenyewe, ambaye haishi Mtwara, na nilifika pale kabla ya fundi. Nimeona kisa hiki kinafaa kuandikwa kwa urefu kwa sababu maswali mawili ambayo kwa kawaida hujadiliwa mbalimbali, yaani kipande kitolewe vipi na gharama alipe nani, yalipata majibu yake kutoka kwenye ushahidi wa aina moja: namna kiini cha kitasa, yaani sehemu ya mviringo inayozunguka pamoja na ufunguo, kilivyokuwa kimesimama, na sura ya chuma pale kilipokatika.

Mpangaji ni mama mtu mzima anayeuza samaki Feri, na bibi ni mama yake mzazi. Mlango wenyewe ni wa mninga, mzito, na madirisha yote yana nondo, kama ilivyo kwa nyumba nyingi za mjini, kwa hiyo njia ya kuingia au kutoka ni hiyo moja tu, ukiacha mlango wa uani ambao umezibwa kwa komeo la ndani ambalo bibi hana nguvu ya kulivuta. Kitasa ni cha silinda, kile kinachofunguliwa kwa ufunguo kutoka pande zote mbili. Mama huyo anapokwenda sokoni alasiri hufunga kwa nje ili mzee asiamshwe na kila anayebisha hodi, naye bibi huachiwa ufunguo wake uliofungwa kwenye uzi, autumie akihitaji kutoka. Utaratibu huo ulionekana kuwa salama kwa muda mrefu. Haukuwa salama, na nitaeleza kwa nini.

Kwa maelezo ya mpangaji, mlango ulikuwa umeanza kuwa mgumu tangu mvua zilipoanza. Ili ufunguke ilimbidi aunyanyue kidogo kwa mpini huku akizungusha ufunguo, na mara nyingine ausukume kwa bega. Jioni hiyo mkono mmoja ulikuwa na ndoo, hivyo hakuunyanyua. Ufunguo ulizunguka karibu robo ya mzunguko, ulimi wa kitasa ukagoma kurudi, akaongeza nguvu, na kichwa cha ufunguo kikabaki mkononi. Kipande cha meno kilikatika ndani kidogo ya uso wa silinda, kiasi kwamba kidole kilikigusa lakini kucha haikupata mahali pa kushika.

Muda uliopita kati ya kukatika kwa ufunguo na kufika kwa fundi ndio uliogharimu zaidi, ingawa hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Jirani mmoja alileta plaizi, lakini midomo yake ilikuwa minene kuliko tundu. Mwingine akaleta sindano ya kushonea magunia na kujaribu kukichokoa kipande kutoka pembeni, kikakataa kusogea hata kidogo. Ndipo kijana wa nyumba ya tatu alipopendekeza supa glu: apake tone moja kwenye kichwa kilichobaki, akigandishe na kipande cha ndani, asubiri, kisha avute. Mpangaji akakubali. Tone lilikuwa kubwa kuliko tundu lilivyoweza kubeba, likatiririka ndani. Gundi ya aina hiyo huganda inapokutana na unyevu, na usiku wa Februari kandokando ya bahari unyevu haukosi. Ilikauka haraka, kichwa kikabanduka kwa mvuto wa kwanza, na gundi ikabaki ilikoingia.

Wakati huohuo bibi aliombwa ajaribu kwa ndani. Alisema ufunguo wake hauzami hadi mwisho na hauzunguki. Nje wakaelewana kwamba mzee hana nguvu, na mmoja akamwambia kwa sauti aukandamize. Tafsiri hiyo haikuwa sahihi, na kama bibi angekuwa na nguvu za kutosha huenda tungekuwa na funguo mbili zilizokatika badala ya mmoja. Katikati ya silinda ya pande mbili kuna kishikizo kidogo kinachosukumwa na ncha ya ufunguo kuelekea upande wa pili, ili nguvu ya mkono iufikie ulimi wa kitasa. Ufunguo ukiwa umezama kikamilifu upande wa nje, kishikizo hicho huwa kimesukumwa ndani, na ufunguo wa upande wa pili hukutana nacho kabla ya kufika mwisho. Zipo silinda zilizotengenezwa ziweze kufunguka hata hali ikiwa hivyo, lakini zile za kawaida zilizojaa madukani hazina uwezo huo. Kwa maneno mengine, ufunguo aliokuwa nao bibi ulikuwa kinga dhidi ya hatari zote isipokuwa hii moja, ya mtu kuacha ufunguo, mzima au uliokatika, upande wa nje.

Nilipofika, rai iliyokuwa ikishika nguvu ilikuwa ya kumwita seremala aje na mtaimbo. Naeleza hapa sababu za kuikataa, kwa kuwa si kila mara inafaa kukataliwa. Kwanza nilizungumza na bibi kupitia mlangoni: alikuwa mzima, amekaa, ana maji, hakuna kilichokuwa jikoni, na umeme ulikuwapo. Lingekuwapo jiko linalowaka, au moshi, au kama angejibu kwa shida, mlango ungevunjwa palepale bila kuhesabu gharama, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lingepigiwa kwa namba 114. Kwa kuwa hakukuwa na hatari ya namna hiyo, kuvunja mlango wa mninga na fremu yake, kisha kumwacha mama na mzee walale usiku kwenye nyumba isiyofungika, kungekuwa kutatua tatizo dogo kwa kuanzisha kubwa.

Fundi funguo tuliyempigia huwa siku zote na meza yake karibu na Soko Kuu, mashine ya kuchongea juu na jiliwa pembeni, lakini saa hizo alikwisha kurudi nyumbani Magomeni ya hapahapa Mtwara, akaja kwa bodaboda. Alipofika hakwenda moja kwa moja kwenye kitasa. Alimwamkia mpangaji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hebu tusaidie, bibi yako yumo humo ndani."

"Nimesikia. Nyumba unaishi wewe? Kuna kiongozi hapa anayekufahamu?"

Wapo waliokereka, kwa sababu umati mzima ulikuwa ukimfahamu mama huyo. Fundi alisubiri hadi mjumbe wa serikali ya mtaa alipotokea nyumba ya pili na kuthibitisha. Kisha akagonga mlango polepole: "Bibi, shikamoo." Ndani ikajibiwa, "Marahaba mjukuu wangu, nipo." Baada ya hapo ndipo alipofungua begi. Kwa maoni yangu hili si jambo la adabu pekee. Kuvunja nyumba ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na mtu anayetembea na vifaa vya kufungulia milango ya watu usiku hana utetezi mwingine zaidi ya kwamba aliitwa na mwenye haki na mbele ya mashahidi. Fundi asiyeuliza swali hilo ni wa kuogopwa, hata akiwa hodari na bei yake ikiwa nafuu.

Alimulika tundu kwa tochi ya simu na kulitazama kwa muda bila kugusa kitu. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba kiini kimelala upande. Sisi wote tulikuwa tumelitazama tundu hilo na hakuna aliyeona maana yake, na hapa ndipo kiini cha kisa chenyewe kilipo.

Silinda ya namna hii hufanya kazi kwa kanuni ambayo Linus Yale Mdogo wa Marekani aliichukulia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, mwaka 1861 na tena 1865. Kiini cha mviringo, ambamo ufunguo huingia, kimo ndani ya ganda. Matundu madogo, mara nyingi matano, yamepita kwenye ganda hadi ndani ya kiini, na kila tundu lina pini mbili zilizopangana pamoja na springi. Kwenye kitasa cha nyumba yetu pini ziko chini, kwa kuwa sehemu nene ya silinda inaning'inia chini ya kiini, na ufunguo huingizwa meno yakitazama chini. Ufunguo sahihi ukizama, mabonde yake huzipanga pini hizo hivi kwamba kila jozi huachana sawasawa kwenye mpaka wa kiini na ganda, ndipo kiini huweza kuzunguka. Lakini kiini kikishazunguka, hata kwa robo tu, pini zilizobaki ndani yake huwa hazina tena tundu la kushukia. Chini yake kuna ukuta wa ganda. Ufunguo nao, ili utoke, ni lazima vilele vya meno yake vizisukume pini hizo zishuke kila kinapopita kimoja. Pini zisiposhuka, ufunguo hautoki. Ndiyo maana ufunguo mzima hauchomoki katikati ya mzunguko, na kila mtu analijua hilo kwa mkono wake, ila ukikatika watu husahau na kuanza kuvuta.

Kwa hiyo plaizi, sindano na gundi vyote vilikuwa vikishindana na ukuta. Hata kama gundi ingeshika sawasawa, na hata kama plaizi ingekuwa nyembamba ya kutosha, kipande kisingetoka mpaka kiini kirudishwe wima. Nasisitiza jambo hili kwa sababu linaweza kuonwa na yeyote mwenye tochi, bila ujuzi wa ufundi: tundu likiwa limesimama kama lilivyo siku zote, upo uwezekano wa kukivuta kipande, likiwa limelala, kuvuta ni kupoteza muda na kuharibu.

Fundi aliuliza nani ametia gundi. Hakuna aliyejibu haraka. Akaomba dawa ya kuondolea rangi ya kucha, ile yenye asetoni, ambayo huyeyusha gundi ya aina hiyo, na binti wa jirani akaleta chupa. Kabla ya kuifungua aliagiza jirani aliyekuwa akikaanga samaki barazani asogeze jiko mbali, na bibi aambiwe asiwashe kiberiti karibu na mlango, kwa kuwa mvuke wa asetoni hushika moto upesi. Alidondoshea dawa hiyo ndani ya tundu kwa bomba la sindano, tone kwa tone, akiwa ameshikilia kitambaa chini ili isichuruzike kwenye vanishi ya mlango, akasubiri, akakwangua kwa waya mwembamba, akarudia. Kazi hiyo peke yake ilichukua muda mrefu kuliko mengine yote aliyoyafanya usiku huo.

Gundi ilipolainika lilibaki swali la kukizungusha kiini. Vifaa vyake viwili vya hatua hii alivitengeneza mwenyewe: spoku ya baiskeli iliyogongwa ncha ikawa bapa, na kipande cha msumeno wa chuma kilichosagwa kwenye jiwe hadi kikawa chembamba kama kijiti cha kiberiti, meno yake machache ya mbele yakiwa yameachwa na kuelekezwa nyuma, yaani kuelekea mkononi mwake. Alipachika spoku kwenye mdomo wa tundu, mbele ya kipande, akajaribu kurudisha kiini. Kikakataa. Badala ya kuongeza nguvu, aliwaomba vijana wawili waunyanyue mlango kwa mpini na kuusukuma kuelekea kwenye fremu. Mlango uliposogea kidogo, spoku ilizunguka kama vile hapakuwahi kuwa na tatizo, na tundu likasimama wima.

Baada ya hapo sikuona kazi ngumu, niliona kazi ya uangalifu. Mkono wa kushoto ulishikilia spoku kwa wepesi ili kiini kisiyumbe. Mkono wa kulia uliingiza kile kipande cha msumeno chini ya ufunguo, upande wa meno, mpaka kikapita bonde la kwanza. Akakigeuza kidogo ili king'ate, akavuta. Ukasikika mlio mdogo, pini ya kwanza imeshuka na kupanda. Kikateleza. Akaingiza tena, kwa kina zaidi, akang'ata bonde la pili, akavuta taratibu huku akihesabu milio kwa midomo, na kipande kikajitokeza kiasi cha kushikwa kwa kibanio.

"Bibi, jaribu sasa."

Vijana walikuwa bado wameushikilia mlango. Kishikizo cha katikati kilikuwa huru, ufunguo wa bibi ukazama hadi mwisho, na mzee aliyedhaniwa hana nguvu akafungua mlango mwenyewe.

Mmoja wa waliokuwapo aliuliza baadaye kwa nini fundi hakuendelea kukizungusha kiini mbele, badala ya kukirudisha nyuma, maana kipande kilichomo ndani kilikuwa tayari kimezipanga pini na kingeweza kufungua mlango bila kutolewa. Swali hilo ni zuri. Katika hali nyingine hiyo ndiyo njia ya mkato iliyo bora: bisibisi nyembamba au spoku hupachikwa, kiini huzungushwa kwa kutumia kipande hichohicho, mlango hufunguka, na utoaji hufanywa baadaye kwa nafasi. Hapa kulikuwa na mambo mawili yaliyoikataza. Kiini kilipaswa kwenda zaidi ya mzunguko mmoja ili ulimi urudi wote, na mdomo wa tundu uliobaki wazi mbele ya kipande ulikuwa mfupi mno kwa spoku kushika safari ndefu hivyo. Pia hakuna aliyejua gundi imefika wapi. Kama ingekamata pini moja wakati kiini kimepinduka chini juu, tungekuwa mbali zaidi na mahali pekee ambapo kipande kinaweza kutokea. Kurudi robo moja kulikuwa na hatari ndogo kuliko kwenda mbele.

Sasa ushahidi wenyewe. Fundi aliviweka vipande viwili juu ya kiganja na kuvimulika. Ufunguo ulikuwa umekatikia kwenye bonde refu kuliko yote, lile lililo karibu na kichwa, mahali ambapo chuma hubaki chembamba na nguvu ya mkono huelemea zaidi. Uso wa mkatiko ulikuwa na rangi mbili. Sehemu ya chini, iliyoanzia kwenye ncha ya bonde, ilikuwa nyeusi na imefifia. Sehemu ya juu iling'aa njano, safi. Sehemu nyeusi ni ufa wa zamani, uliokwisha kupata hewa, chumvi na uchafu wa siku nyingi. Inayong'aa ndiyo iliyokatika jioni ile. Kwa kukadiria kwa macho, ufa wa zamani ulikuwa umekula karibu nusu ya unene uliobaki pale. Maana yake ni kwamba ufunguo ulikuwa ukikunjwa na kunyooka kidogo kidogo kwa muda mrefu, na nguvu ya siku hiyo ilimalizia tu kazi iliyokwisha kufanywa.

Tulipoulinganisha na ufunguo wa bibi, tofauti ilionekana bila kipimo. Wa bibi ni wa awali, uliokuja na kitasa, mabonde yake yana kingo kali. Uliokatika ulikuwa nakala, na kwa jinsi mabonde yalivyokuwa ya mviringo na kina chake kimepungua, fundi alisema ni nakala iliyochongwa kutoka kwenye nakala nyingine. Kila mara ufunguo unapochongwa kwa kufuata nakala, makosa madogo ya ile ya kwanza huhamia kwenye ya pili na kuongezewa mengine, mpaka pini hazikai tena sawasawa na mtumiaji huanza kuutikisa ufunguo ndani ya tundu ili ukubali. Kwa sababu hiyo fundi alikataa kuchonga ufunguo mpya kwa kufuata vipande vilivyokatika, ingawa inawezekana kuvipanga kwenye mashine na kuvifuata. Kiolezo kilipaswa kuwa ufunguo wa bibi.

Lakini nakala mbaya peke yake haikatiki kirahisi. Mlango ulipokuwa wazi, bati la fremu linalopokea ulimi wa kitasa lilikuwa na alama ya kukwaruzwa, inayong'aa, kwenye ukingo wake wa chini pekee. Ulimi ulikuwa ukisugua pale kila siku. Bawaba ya juu ilikuwa imelegea, skrubu mbili kati ya zake zikizunguka bure ndani ya mbao, kwa hiyo mlango ulikuwa umeshuka upande wa kitasa. Na kwa kuwa mbao zilikuwa zimevimba kwa unyevu, ulibanana pia na fremu. Kila alama kati ya hizi ilielekeza mahali pamoja: mkono wa mpangaji ulikuwa ukitumia ufunguo kunyanyua mlango.

Mwenye nyumba nilimpigia usiku uleule. Jibu lake la kwanza lilikuwa lile linalotarajiwa, kwamba aliyevunja ndiye anayelipa. Nilimtumia picha tatu: ya uso wa mkatiko wenye rangi mbili, ya bati lililokwaruzwa, na ya bawaba. Nilimkumbusha pia kwamba mpangaji alinitumia ujumbe mwezi Desemba kuhusu ugumu wa mlango, nami nikamfikishia, akasema tusubiri mvua zipite. Mimi ni mwakilishi wake na sina sababu ya kumtetea mpangaji isipokuwa pale anapokuwa na haki, na hapa alikuwa nayo. Ufa mweusi hauwezi kutokea kwa jioni moja, na mlango ulioshuka si uharibifu wa mpangaji. Ni uchakavu wa nyumba.

Hata hivyo haikuwa sahihi pia kumtwisha mwenye nyumba kila kitu. Fundi alidai Sh 20,000 kwa kuja usiku, kuondoa gundi na kutoa kipande, na aliposhikiliwa aseme ukweli alikiri kwamba bila gundi angechukua nusu ya fedha hiyo. Silinda nayo, ambayo kwa kawaida ingesafishwa na kurudishwa, ilibidi ibadilishwe, kwa kuwa pini mbili zilikuwa zikinatanata hata baada ya asetoni, na kitasa kinachonata kwenye mlango wa mzee si kitu cha kubahatisha. Tulikubaliana hivi: mwenye nyumba alipe seremala, silinda mpya na nusu ya fedha ya fundi, mpangaji alipe nusu ya pili, ambayo kwa kweli ndiyo bei ya gundi, pamoja na kuchonga ufunguo wa ziada. Kijana hakudaiwa chochote. Mpangaji alisema yeye ndiye aliyeruhusu, na sikuona sababu ya kumpinga.

Ubadilishaji ulifanyika kesho yake asubuhi, baada ya seremala, si kabla. Mpangilio huo una maana, kwa sababu silinda mpya kwenye mlango ulioshuka ingeanza kuchoka siku ileile. Seremala aliondoa skrubu fupi za bawaba ya juu na kuweka ndefu zinazofika kwenye mbao nzima, akapiga randa ukingo uliokuwa ukibana, akaupaka vanishi ili usinywe maji tena, na akapanua tundu la bati kwa tupa kidogo upande wa chini. Alipomaliza, ulimi uliingia na kutoka bila mlango kuguswa.

Kuitoa silinda ya zamani ni rahisi mlango ukiwa wazi: kuna skrubu moja ndefu kwenye ubavu wa mlango, usawa wa silinda, na ikishatolewa ufunguo huzungushwa kidogo hadi ulimi mdogo ulio katikati ya silinda, unaousukuma ulimi wa kitasa, ulingane na mwili wa silinda, kisha yote huchomolewa. Mlango ukiwa umefungwa skrubu hiyo haifikiki, na kwa kipande kilichokwama upande mmoja ulimi mdogo hauwezi kulinganishwa kwa urahisi. Hilo nalo ni jibu kwa wale waliouliza kwa nini fundi hakukibadilisha kitasa moja kwa moja usiku ule. Kipimo huchukuliwa kutoka kwenye tundu la skrubu kwenda kila upande, kwa sababu pande mbili huwa hazilingani kila mara. Silinda inayojitokeza sana nje ya bati la kitasa huweza kushikwa kwa plaizi na kuvunjwa katikati, pale penye tundu la skrubu, ambapo mwili wake ni mwembamba kuliko kote.

Nilichosisitiza mimi ni aina ya silinda. Tulichukua yenye tundu la ufunguo upande wa nje na kitufe cha kuzungusha upande wa ndani. Bibi hahitaji tena ufunguo wenye uzi, na wala haijalishi nje kumeachwa nini: akizungusha kitufe, mlango unafunguka. Bei yake ilizidi kidogo ile ya kawaida, na mwenye nyumba alinung'unika kidogo. Kwa nyumba yenye nondo madirishani na mtu asiyeweza kuvuta komeo la uani, mimi nisingekubali silinda nyingine. Kubadilisha silinda kulileta pia faida ambayo hakuna aliyeiomba: funguo za wapangaji waliotangulia, ambazo hakuna anayejua zilichongwa ngapi na ziko mikononi mwa nani, hazifungui tena mlango huo.

Silinda mpya ilikuja na funguo tatu. Mmoja wa awali umehifadhiwa bila kutumika, kwa mpangaji, ndani ya bahasha iliyoandikwa jina la nyumba, ili kila nakala ya baadaye ichongwe kutoka kwake. Fundi alishauri tundu lisipakwe mafuta ya nazi wala ya kupikia, kama ilivyokuwa ikifanywa, kwa kuwa hushika vumbi na chumvi na kugeuka utando mzito unaozikwamisha pini. Mikono inayotoka kwenye samaki ipanguswe kabla ya kushika ufunguo, na ufunguo wenyewe upanguswe pia. Alipoulizwa achukue vipande vilivyokatika avitupe, alimkabidhi mpangaji mbele ya mjumbe, vyote viwili, akasema chuma cha mlango wa mtu hakiondoki na fundi.